Karatasi imejazwa, je, huduma imeboreka?

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali 8 duniani zilijaribu jambo dogo katika vyumba vyao vya upasuaji. Zilipewa orodha ya Shirika la Afya Duniani yenye vipengele 19, ya kusomwa kwa sauti kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla hajapasuliwa, na kabla hajatolewa chumbani. Mgonjwa ni nani? Anapasuliwa sehemu gani? Ana mzio wa dawa? Pamba na vyombo vimehesabiwa vikatimia? Pamoja na hospitali za London, Toronto na Seattle, ilikuwamo hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo ya zote 8 yalipojumlishwa, vifo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Baadaye jimbo la Ontario, Kanada, likazitaka hospitali zake zote zitoe taarifa hadharani za jinsi zinavyoitumia orodha hiyo. Taarifa zikaonyesha utekelezaji unaokaribia asilimia 100. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ukachunguza hospitali 101 za jimbo hilo, na vifo vilikuwa vimetoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ndogo mno kiasi kwamba kitakwimu haihesabiki.

Karatasi ni ileile. Kuna wanaosema Ontario vifo vilikuwa vichache tangu mwanzo, hivyo nafasi ya kupungua ilikuwa finyu, na hoja hiyo ina uzito. Lakini zile hospitali 8 zilikuwa na timu zilizokubali kuingia kwenye jaribio, zikafundishwa, zikafuatiliwa, zikaona takwimu zao wenyewe. Ontario ilipata agizo na fomu ya kujaza. Nadhani hapo ndipo penye mzozo mzima wa ubora katika taasisi zetu, na Tanzania tunao ushahidi wetu wa kutosha bila kwenda Kanada.

Mwaka 2015/16 Wizara ya Afya ilianza kuvipa vituo vya afya ya msingi nyota, kuanzia sifuri hadi 5. Karibu theluthi moja ya vituo vilipata sifuri, na vilivyofika nyota 3 au zaidi vilikuwa takriban 2 katika kila 100. Ukaguzi wa 2017/18 ulikuta vyenye sifuri vimebaki kama asilimia 4, na vyenye nyota 3 na kuendelea vimefika takriban asilimia 20. Lengo lilikuwa asilimia 80. Ukitaka kulaumu, utasema mpango ulikosa lengo kwa mbali. Mimi naona kutoka 2 hadi 20 kwa muda ule si jambo la kubezwa.

Nyota zina watetezi, na wana haki ya kusikilizwa. Kabla ya hapo mwananchi wa kijijini hakuwa na namna ya kujua kama zahanati yake iko chini ya kiwango au ndivyo zahanati zote zilivyo. Halmashauri nayo iliweza kusema hali si mbaya, na hakuna aliyekuwa na namba ya kuipinga. Baada ya ukaguzi kila kituo kiliachiwa mpango wa maboresho: shimo la kutupia kondo la nyuma halipo, chumba cha kujifungulia hakina maji, bei za huduma hazijabandikwa. Kuwapo kwa orodha hiyo kumewapa waganga wafawidhi wengi, yaani wakuu wa vituo, silaha ya kudai bajeti. Asiyepimwa husahaulika, na wanaosahaulika mara zote ni walio mbali na lami.

Shida inaanza pale kipimo kinapogeuka kuwa kazi yenyewe. Chukua chati ya uchungu, ambayo wakunga wanaiita patografu. Mama akiwa kwenye uchungu kamili, mkunga anatakiwa asikilize mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, apime njia kila baada ya saa 4, na kila mara aweke alama. Alama zikivuka mstari wa tahadhari, mkunga anajua safari ya uzazi inakwenda polepole kuliko kawaida, aite daktari au aanze kuandaa rufaa. Chati imebuniwa ili ionye mapema. Lakini tafiti nyingi zilizofanyika Afrika Mashariki, na wakunga wenyewe wakiwa huru kuzungumza, zinasimulia jambo hilohilo: mara nyingi hujazwa mama akiwa ameshajifungua.

Fikiria zamu ya usiku. Mkunga ni mmoja, akina mama ni wanne, na mmoja wao anavuja damu. Nani atakaa kuchora mistari? Asubuhi faili lazima liwe kamili, maana matroni atalipitia, na wiki ijayo huenda wakaguzi wakaja. Basi nukta zinapangwa kwenye mstari: mapigo 140, 142, 138. Mkaguzi anakuta chati imejazwa, anatia tiki, kituo kinapata alama. Huyo mkunga si mvivu wala mwongo wa tabia. Muda wake aliutumia palipokuwa na uhai wa mtu, kisha akatimiza alichodaiwa na mfumo. Hasara yake ni kubwa kuliko tiki moja ya uongo, kwa sababu ukweli kwamba wodi ile inahitaji watu wawili usiku umefutwa na mtu anayeuhitaji ujulikane kuliko wote.

Upande wa pili, ule wa watumishi kuboresha kazi yao wenyewe, una historia ndefu pia. Mwaka 2007, wakati Ifakara ikiwa kwenye jaribio la orodha ya upasuaji, hospitali ya rufaa ya Mbeya ilianza kutumia S 5, yaani hatua tano za kupanga mahali pa kazi, na kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani. Mfano ulitoka hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka, ambayo ilizichukua mbinu za viwanda vya Japani ikazileta wodini. Watumishi wa afya Tanzania wanazijua S hizo kwa Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kila idara inaunda timu ndogo, na ndani yake anakaa muuguzi, mhudumu wa usafi, mtu wa maabara, hata mlinzi. Wanachagua tatizo lao, wanatafuta chanzo, wanajaribu, wanapima tena.

Ukiingia stoo ya dawa iliyopitiwa na kazi hiyo, unaiona tofauti kabla hujaelezwa. Dawa inayokaribia kuisha muda imewekwa mbele. Kila rafu ina jina, na pana alama nyekundu inayoonyesha kwamba mzigo ukishuka hadi hapo, uagize. Anayeshika zamu usiku anapata dripu bila kumpigia simu mtunza stoo. Hakuna fedha nyingi iliyotumika. Uzuri mkubwa zaidi ni kwamba aliyepanga rafu ndiye anayezitumia, kwa hiyo zikivurugika anaumia yeye kwanza.

Wapinzani wa njia hii wanasema ni anasa kubandika lebo kwenye kabati lisilo na glavu. Sikubaliani nao moja kwa moja, kwa kuwa mpangilio huonyesha kinachokosekana na kinachooza bila kutumika. Ila kuna mahali wanagusa ukweli. Vituo vingi vimeishia kwenye S za mwanzo. Rangi imepakwa, mishale imechorwa sakafuni, mabango yametundikwa, kisha basi. Hata sasambua yenyewe hukwama: vitanda vibovu na mashine zilizokufa hukaa koridoni miaka, kwa sababu kufuta mali ya umma kuna taratibu na idhini zake, na timu ya wodi haina mamlaka hayo. Jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha ni uhamisho. Mganga mfawidhi aliyeisimamia kazi anahamishwa, anakuja mwingine mwenye vipaumbele vyake, na katika muda mfupi vikao vya timu vimekufa. Kitu kinachokufa kwa barua moja ya uhamisho hakijawa utamaduni wa taasisi. Kilikuwa juhudi ya mtu.

Wala tusidhani kaizen ni kinga kwa walioibuni. Desemba 2023 kamati huru ilitoa ripoti kuhusu Daihatsu, kampuni tanzu ya Toyota. Ilikuta kasoro mpya 174 katika vipimo vya usalama na uidhinishaji wa magari, zikigusa aina 64 za magari, na ya zamani kuliko zote ilianzia 1989. Kamati ililaumu ratiba za kubana mno za kutoa magari mapya, na mazingira ya kazi ambayo aliye chini hakuona njia ya kusema kwamba muda hautoshi. Akadanganya kwenye kipimo. Hana tofauti na mkunga wetu wa zamu ya usiku, pamoja na kwamba yeye yumo katika nchi tajiri na ndani ya kundi la kampuni linalosifiwa kwa ubora dunia nzima.

Mmarekani W. Edwards Deming, ambaye mihadhara yake ya mwaka 1950 iliwaathiri sana wenye viwanda wa Japani, aliweka katika kanuni zake 14 agizo la kuondoa hofu kazini. Kanuni nyingine aliielekeza dhidi ya kaulimbiu na mabango ya kuwahimiza wafanyakazi, akiamini kwamba makosa mengi yanatoka kwenye mfumo, na mfumo uko mikononi mwa uongozi. Nikiangalia kuta za ofisi nyingi za umma, naona tuliyachukua mabango na kuiacha ile kanuni ya kuondoa hofu.

Kwa hiyo siko pamoja na wanaotaka nyota zifutwe. Bila ukaguzi wa nje, kituo cha pembezoni kitabaki na maji ya ndoo na hakuna atakayeshtuka. Lakini ukaguzi unaotoa alama na karipio hauwezi kuwa mlango uleule ambao mtumishi anapitia kueleza kosa lake. Milango hiyo itenganishwe. Timu ya halmashauri inapokuja kwa usimamizi shirikishi, iache fomu pembeni kwa saa moja, ikae na wauguzi wa zamu na wahudumu, iwaulize ni kitu gani kilichowakwamisha mwezi uliopita na nani aliambiwa. Mkunga akisema patografu zilijazwa asubuhi, jibu liwe kuangalia ratiba ya zamu kabla ya kumwandikia barua ya kujieleza.

Na fedha kidogo ya kurekebisha iwe karibu na anayeona tatizo. Mwaka 2017/18 serikali ilianza kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za vituo badala ya kuzipitisha halmashauri, na kwangu hatua hiyo ina thamani kuliko semina nyingi za ubora. Timu iliyogundua kwamba taa ya chumba cha kujifungulia inazimika kila usiku, ikaweza kuinunua wiki hiyohiyo, itarudi na tatizo la pili. Ile iliyoambiwa isubiri bajeti ya mwaka ujao hairudi.

Ningependa kila wodi iwe na daftari la makosa na mikwamo, linaloandikwa bila majina, linalosomwa kikaoni kila mwezi mganga mfawidhi akiwepo, na pembeni ya kila jambo iandikwe hatua iliyochukuliwa na tarehe yake. Mfawidhi mpya akiripoti kazini, akabidhiwe daftari hilo pamoja na funguo na leja, ili aendelee pale mwenzake alipoachia. Wakaguzi wa nyota wasilipatie alama daftari hilo. Likianza kupewa alama, litajazwa asubuhi kama patografu.