Mate au tochi? Mikro-RNA na saratani ya kinywa

Mwaka 2024 Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobeli ya Tiba kwa kugundua mikro-RNA, vipande vyenye herufi 22 hivi vya kijenetiki ambavyo havitengenezi protini, bali hupunguza au kuzima kazi ya jeni. Je, vinaweza kutufichulia saratani ya kinywa mapema?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mikro-RNA za uvimbe huingia kwenye mate na damu zikiwa zimehifadhiwa ndani ya vifuko vidogo au zimeshikamana na protini, kwa hiyo haziharibiki upesi. Wagonjwa wengi wameonekana kuwa na mikro-RNA ziitwazo miR-21 na miR-31 nyingi kupita kawaida. Na kutema mate ndani ya kichupa hakuumi; kukatwa kinyama ulimini ili kipimwe kunauma.

Lakini miR-21 hupanda pia katika saratani ya matiti, ya mapafu na ya utumbo mpana, hata kwenye uvimbe wa kawaida usio saratani. Kinywani fizi mbovu ni jambo la kila siku, na damu yake huvuruga kipimo. Tena maabara hazijakubaliana zilinganishe matokeo na kitu gani.

Hesabu ndiyo inayonitia shaka zaidi. Tuseme watu 10,000 wamepimwa, 10 kati yao wana saratani, na kipimo kinapatia mara tisa kwa kumi kwa wagonjwa na kwa wazima. Kitawanasa wagonjwa 9, na kuwatia hofu wazima 999.

Wakati huohuo, Kerala nchini India, wahudumu waliofunzwa kukagua vinywa kwa macho walipunguza vifo vya saratani hii kwa asilimia 34 miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005. Kwa pwani yetu, ambako tambuu, popoo na kuberi bado vinatafunwa, tochi na jicho lililofunzwa vinatangulia.

Hata hivyo sitaki utafiti wa mate uachwe. Ukaguzi ukishaonyesha baka jeupe lisilofutika, daktari hubaki na swali gumu: lipi litageuka saratani, lipi litatulia? Hapo wanaopimwa ni wachache na hatari yao ni kubwa, kwa hiyo ile hesabu inabadilika. Tafiti nyingi zimewalinganisha wagonjwa waliokwisha kujulikana na watu wenye afya. Ninazozisubiri mimi ni zile zitakazowafuata wenye mabaka kwa miaka, mate yao yakipimwa kabla ya yeyote kujua nani ataugua.