Maisie Williams hajapotea

Tangu tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones iishe mwaka 2019, swali linalomwandama mwigizaji Maisie Williams ni lile lile: kapotelea wapi? Wanaouliza wana hoja. Binti aliyecheza Arya Stark kwa misimu minane na kuteuliwa mara mbili kuwania Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, alitarajiwa aonekane kila mahali. The New Mutants, filamu ambayo ingemvusha, ilirekodiwa 2017, ikaahirishwa mara kadhaa, ikatoka Agosti 2020 katikati ya korona. Soko la uigizaji halimsubiri mtu, na sura isiyoonekana husahaulika upesi.

Lakini turudi alikoanzia. Alipata kazi hiyo akiwa na miaka 12, mtoto wa pande za Bristol aliyekuwa akiota kucheza dansi. Katika riwaya zilizozaa tamthilia hiyo Arya ana shoto, naye Williams hutumia mkono wa kulia, basi akajifunza upanga kwa mkono wa kushoto. Itazame tena ile sehemu Arya anapomuua Night King, mfalme wa jeshi la wafu. Mkono wa kushoto unadakwa hewani, kisu kinaachiwa, wa kulia unakipokea chini. Ni kufumba na kufumbua, ila mna miaka ya mazoezi ndani yake.

Miaka hiyo ndiyo inayonisumbua. Mwili wake ulikuwa unakua huku Arya akitakiwa aendelee kujifanya mvulana, ikabidi kifua chake kifungwe kisionekane kwenye kamera. Mwaka 2022 alieleza kwamba alifikia kumchukia mhusika wake, kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kuonyesha anageuka kuwa nani, na akauchukia hata mwili wake. Umri ambao wenzake walikuwa wanabadili mitindo ya nywele na marafiki, yeye alikuwa akitunza sura ya mtoto ambaye dunia nzima imempenda. Mtu wa namna hiyo akichagua kazi ndogo, tena chache, mimi naona anajirudishia kitu alichochukuliwa.

Na kazi zenyewe si haba. Katika tamthilia ya The New Look ya 2024 amecheza Catherine Dior, dada wa mbunifu wa mavazi Christian Dior, mwanamke aliyepambana kwa siri na Wanazi Ufaransa hadi akafungwa katika kambi ya mateso ya Ravensbrück. Humo hana upanga wala kisu, na sikumwona Arya hata mara moja. Wanaosema kapotea sidhani kama wameitazama.