Kabla ya Sherehe ya Medali, Bodi Ihesabu Walioishia Njiani

Hakuna jambo linalokula muda wa bodi za kujitolea za programu za tuzo kwa vijana kama sherehe ya kutunuku medali. Mgeni rasmi awe nani, ukumbi upi, vyeti vichapwe lini, nani akae meza kuu. Zamu ya usalama wa safari na ya washiriki waliokwama ikifika, saa imekwenda na wajumbe wameshashika funguo za magari. Sherehe ina maana yake. Kijana aliyehangaika mwaka mzima anastahili kupewa mkono mbele ya wazazi wake. Ila sherehe inaweza kupangwa na kamati ya watu watatu. Isiyo na mwenyewe mwingine ni kazi ya kuhakikisha kwamba medali ile imepatikana kihalali, na kwamba hakuna mtoto aliyeumizwa wakati wa kuitafuta.

Nazungumzia hasa programu za tuzo zinazofuata mfano wa Duke of Edinburgh's Award, ile iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1956 na Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth II, kwa fikra alizozipata kwa mwalimu mkuu wake wa zamani, Kurt Hahn. John Hunt, aliyeongoza msafara wa Everest wa 1953, ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Leo programu hiyo iko katika nchi na maeneo zaidi ya 130, nyingine zikiiita kwa jina lao wenyewe. Mshiriki ana umri wa miaka 14 hadi 24. Ngazi ni tatu, Shaba, Fedha na Dhahabu, na kila ngazi ina huduma kwa jamii, stadi, mazoezi ya mwili na safari ya nyikani. Kwenye Dhahabu huongezwa siku tano na usiku nne za kuishi na kufanya kazi pamoja na watu ambao mshiriki hakuwazoea. Muda wa chini kwa Shaba ni miezi 6. Anayeingia Fedha bila kupitia Shaba anahitaji 12, na anayeingia Dhahabu moja kwa moja anahitaji 18.

Mjumbe asiyeijua miezi hiyo kwa kichwa atadanganywa na ripoti, hata kama aliyeiandika hakukusudia kumdanganya.

Chukua mfano wa kubuni. Mwaka wa kwanza programu iliandikisha vijana 400. Mwaka wa pili uandikishaji ulishuka hadi 200, na mwaka huohuo medali 160 zikatolewa. Ripoti itasema: walioandikishwa 200, waliotunukiwa 160, sawa na asilimia 80. Bodi itapiga makofi. Lakini medali nyingi kati ya hizo 160 ni za wale 400 wa mwaka uliotangulia, kwa sababu hakuna njia ya kumaliza kabla ya miezi sita, na wengi huchukua zaidi. Ukweli uko karibu na asilimia 40. Tena programu imepungua kwa nusu na hesabu ileile imeufunika upungufu huo. Kinyume chake pia hutokea: programu inayokua kwa kasi huonekana mbovu, kwa kuwa wageni wengi wameingia na bado hawajafikia muda wa kumaliza.

Dawa yake ni kuwafuata walioanza pamoja kama kundi moja. Ripoti ioneshe, kwa kila robo mwaka na kwa kila ngazi, wangapi waliandikishwa, na kundi hilohilo likoje baada ya miezi 6, 12, 18 na 24. Safu nne tu, na mtu mmoja anaweza kuzijaza kutoka kwenye mfumo wa kumbukumbu, ambamo shughuli za kila kijana huandikwa na kuidhinishwa, kwa muda wa nusu siku. Kisha iwepo safu ya tano ambayo naiona muhimu kuliko zote: wamekwamia wapi. Mara nyingi jibu ni moja kati ya mawili. La kwanza ni safari, maana ndiyo ghali, inataka msimamizi mwenye ujuzi, na haifanyiki na mtu mmoja. Kundi huwa la watu wanne hadi saba, kwa hiyo wawili wakijitoa kwenye kundi la watano, watatu waliobaki hawana safari. La pili ni saini. Kijana amemaliza kila kitu, lakini kiongozi wa kituo chake, yaani shule au klabu anakoshiriki, amehama au amechoka, na hakuna wa kuidhinisha. Bodi iulize kila kikao: wangapi wamesubiri idhini zaidi ya siku 60, na kwa kituo gani? Hilo halihitaji pesa kulitatua. Linahitaji kiongozi wa pili katika kila kituo, mwenye ruhusa ya kuingia kwenye mfumo kabla wa kwanza hajaondoka.

Hapa bodi yenye bidii hukosea kwa upande wa pili. Ikishaona asilimia 40, inatoa amri: mwaka ujao iwe 70. Amri hiyo huteremka hadi kwa viongozi wa vituo, na kiongozi aliyebanwa hupata njia rahisi ya kuitimiza, ambayo ni kusaini. Kijana ambaye ameacha kwenda kwenye huduma kwa jamii tangu wiki ya nne anajikuta ana wiki kumi na tatu zilizojazwa. Si kila anayeachia njiani ni hasara, na mlango haujafungwa. Aliyeanza ana nafasi ya kurudi na kumalizia mpaka atimize miaka 25. Kwa hiyo lengo la bodi liwe kupunguza vikwazo vilivyo mikononi mwa programu yenyewe, yaani saini zilizochelewa, safari zilizoahirishwa na vituo visivyo na kiongozi. Medali iachwe ipatikane kwa muda wake. Vivyo hivyo kwa ubao wa kupanga vituo, wa kwanza hadi wa mwisho, ambao wenyeviti wengi huupenda. Tuzo hii iliundwa makusudi bila ushindani, kila kijana apimwe dhidi ya pale alipoanzia. Kuvishindanisha vituo ni kuurudisha ushindani kwa mlango wa nyuma.

Na udanganyifu wa kumbukumbu unaonekana, ukitafutwa. Kipimo ni wastani wa saa moja kwa wiki, kwa wiki mfululizo. Miezi mitatu ni kama wiki 13. Kumbukumbu yenye saa 13 zilizofanywa Jumamosi na Jumapili moja si kumbukumbu ya miezi mitatu. Kumbukumbu ambazo maneno yake yanafanana kwa vijana kumi zimeandikwa na mtu mmoja. Maingizo yote yaliyopakiwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho yanastahili angalau swali. Napendekeza kila robo mwaka mjumbe mmoja wa bodi, kwa zamu, aletewe kumbukumbu tano zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, majina yamefichwa, azisome kwa saa moja. Mkaguzi wa fedha hatafanya kazi hiyo, na mtendaji mkuu hawezi kujikagua mwenyewe.

Sasa usalama. Bodi haipangi njia ya safari wala haichagui mahema, na mjumbe mpenda milima anayepiga simu kubadilisha njia usiku wa kuamkia safari ni hatari kuliko mvua. Wajibu wa bodi ni kujua nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha safari kwa jina, nani anaweza kuisimamisha, na kama watu hao wawili ni tofauti. Ijue kama kila safari inayohesabiwa ilitanguliwa na mafunzo na safari ya mazoezi, maana hapo ndipo njia ya mkato huchukuliwa pesa zikipungua. Ijue kama bima inawahusu wanaojitolea au inawahusu waajiriwa tu. Nimeliweka hili kwa makusudi, kwa sababu ndilo swali ambalo watu huliuliza baada ya ajali.

Kuna daftari moja ambalo bodi iliombe likiwa zima: la matukio ya chupuchupu. Kundi lililopotea saa mbili likajirudi, jiko lililoshika moto likazimwa, msimamizi aliyefika kituo cha kulala baada ya giza. Daftari likija tupu kwa mwaka mzima ilhali makundi kadhaa yametoka, maana yake watu wanaogopa kuandika, na bodi ijiulize ni nani aliyewaogopesha. Mara nyingi ni yenyewe, ilipomuaibisha kikaoni yule wa mwisho aliyeandika ukweli.

Ulinzi wa watoto unahitaji mjumbe mmoja aliyetajwa kwa jina, na malalamiko yamfikie bila kupita kwa mtendaji mkuu, kwa kuwa kuna siku mlalamikiwa atakuwa mtendaji mkuu. Tukio zito limfikie mjumbe huyo na mwenyekiti ndani ya saa 24, hata likiwa halijathibitishwa. Uchunguzi wa kosa la jinai si kazi ya bodi. Wajumbe wakiunda kamati ya kuhoji mtoto kabla ya kupeleka taarifa kwa vyombo vinavyohusika, wanaweza kuuharibu ushahidi na kumuumiza mtoto mara ya pili.

Kuhusu wajumbe wenyewe, shida ya kipekee ya programu hizi ni kofia mbili. Wajumbe wengi wa bodi ni viongozi wa vituo, ama wazazi wa washiriki, ama wakuu wa shule zinazoshiriki. Jumanne mtu yuko kituoni akipokea maelekezo kutoka kwa ofisa wa programu. Alhamisi yuko kikaoni akijadili mshahara wa ofisa huyohuyo. Kuwafukuza wote ni upumbavu, kwani ndio wanaoijua kazi. Wawe wachache, wasizidi theluthi, na kila kikao kianze kwa kutaja masilahi kwa ajenda ya siku hiyo. Fomu iliyojazwa mara moja kwa mwaka huwa imesahaulika kufikia kikao cha pili. Mwenye masilahi atoke chumbani, katibu aandike saa aliyotoka na saa aliyorudi. Angalieni katiba yenu inasemaje hapo kuhusu akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayohalalisha uamuzi: bodi ya watu tisa yenye akidi ya watano, wakihudhuria watano na mmoja akatoka, huenda uamuzi ule ukawa batili.

Idadi ya tisa naipenda kwa sababu inagawanyika kwa tatu. Muhula wa miaka mitatu, unaoweza kurudiwa mara moja, theluthi ikimaliza muhula kila mwaka. Bodi inayoanza ipige kura ya bahati nasibu siku ya kwanza: watatu wahudumu mwaka mmoja, watatu miwili, watatu mitatu. Bila hivyo waanzilishi wote humaliza muhula siku moja. Hapo ama wanaondoka na kumbukumbu yote vichwani mwao, ama, kama inavyozoeleka zaidi, hawaondoki.

Kati ya hao tisa, wawili wawe vijana waliopitia programu, wenye miaka 18 na kuendelea. Mmoja peke yake huwa pambo, akitazamwa kila inaposemwa neno “vijana”. Wawili wanaweza kutazamana na kucheka, kisha mmoja akapata ujasiri wa kusema hapana. Makabrasha yawafikie siku saba kabla, na vikao visiwekwe kwenye majira ya mitihani.

Nao wapewe nauli siku hiyohiyo ya kikao. Kurudishiwa baada ya wiki sita kunamfaa mwenye akiba. Kujitolea maana yake ni kutolipwa kwa kazi. Hakumlazimu mtu agharamie kazi hiyo mwenyewe, na bodi isiyorudisha nauli hatimaye inabaki ya wenye magari. Posho ya kikao ni kitu kingine kabisa. Posho ikishazidi gharama halisi, vikao huzaliana: kamati ndogo, kamati ya dharura, kikao cha kuandaa kikao. Ukitaka kujua bodi imeanza kuharibika, linganisha idadi ya vikao vya mwaka huu na maamuzi yaliyoandikwa.

Walezi wa heshima, yaani majina makubwa yanayofungua milango, wakae nje ya bodi. Mtu ambaye hakuna awezaye kumkatiza akizungumza hafai kuwa mjumbe.

La mwisho ni fedha, na hapa nina jambo moja ambalo hata waweka hazina wazuri hulikosa. Ada ya kijana wa Dhahabu hulipwa leo kwa huduma itakayotolewa kwa miezi 18. Siku inapoingia benki, sehemu kubwa bado ni deni kwa mshiriki. Programu inayolipa mishahara ya mwezi huu kwa ada za walioandikishwa mwezi huu inaonekana ina afya ilimradi uandikishaji unapanda. Ukishuka robo moja tu, inakosa pesa za safari za watu ambao walishalipa. Kwa hiyo taarifa ya fedha iwe na mstari unaosomeka hivi: ada zilizopokelewa kwa huduma ambayo haijatolewa. Michango ya safari ikae kwenye akaunti yake, yenye watia saini wawili wasio na undugu. Na akiba isipimwe kwa mishahara pekee. Ipigiwe hesabu kwa swali hili: tukiacha kuandikisha kesho asubuhi, tunahitaji kiasi gani ili kila aliyekwisha kuanza afikishwe kwenye safari yake na kumbukumbu zake zisainiwe? Kiasi hicho bodi ikiandike kwenye kumbukumbu za kikao, na mweka hazina akisome upya kila robo mwaka, kabla ya ajenda ya ukumbi.