Bei ya mgeni si wizi. Bei iliyofichwa ndiyo wizi

Januari 2018, wanafunzi wanne kutoka Japani waliingia kwenye mgahawa mmoja mjini Venice. Walipomaliza kula waliletewa bili iliyozidi euro 1,100. Wakalipa, wakarudi Bologna walikokuwa wakisoma, kisha wakaenda polisi kulalamika. Habari ikazunguka dunia, na kila inaposimuliwa wasikilizaji hugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema hao ni wezi wa mchana kweupe. Na wapo wanaouliza: menyu si ilikuwa mezani, kwa nini hawakusoma bei?

Katika mji huohuo wa Venice, tikiti ya boti ya abiria ni euro 9.50 kwa dakika 75, wakati mkazi mwenye kadi ya usafiri ya mji analipa sehemu ndogo tu ya hiyo. Mgeni hulipa mara kadhaa ya mwenyeji kwa kiti kilekile, na hakuna anayekimbilia polisi. Nadhani ulinganisho huu una mafunzo zaidi kuliko orodha zote za "jihadhari na matapeli" tunazopeana kabla ya safari. Kilichowakasirisha watu kuhusu ile bili si ukubwa wake peke yake. Ni kwamba wale vijana waliijua baada ya kula.

Wanaotetea bei mbili wana hoja nzito, na si haki kuwaita walafi. Raia wa India huingia Taj Mahal kwa rupia 50, mgeni kwa 1,100. Mahekalu ya kale ya Angkor ni bure kwa raia wa Kambodia. Mgeni hulipa dola 37 kwa siku moja. Petra, mji wa kale nchini Jordan, mgeni anayelala nchini hulipa dinari 50 kwa siku, na raia dinari moja. Raia ameshalipa kodi inayotunza mahali pale. Tena urithi ni wake: itakuwa aibu mtoto aliyezaliwa karibu na kaburi la mababu zake ashindwe kuliona kwa sababu bei imepangwa kwa mfuko wa aliyetoka ng'ambo. Hata Ulaya, ambako mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliikosoa Italia kwa kutoa msamaha wa kiingilio cha makumbusho kwa wenyeji pekee, upepo unageuka. Tangu Januari 2026 jumba la makumbusho la Louvre, Paris, linawatoza euro 32 wageni wengi wanaotoka nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya, wakati raia na wakazi wa eneo hilo wanabaki kwenye 22.

Upande wa pili nao una neno. Pasipoti haipimi mfuko. Mwanafunzi aliyejibana miaka miwili anapangwa foleni moja na tajiri wa benki, kwa sababu tu wote ni wageni. India wamejaribu kulipunguza hilo: wanaotoka nchi jirani za jumuiya zao za kikanda hulipa 540 badala ya 1,100. Bado yupo raia ambaye sura yake haifanani na ya wengi, ambaye kila akifika dirishani hudaiwa kitambulisho, huku aliye nyuma yake akipita bila kuulizwa. Hilo linauma, na bango lenye bei mbili haliliponyi.

Lakini hata anayechukia bei mbili anaweza kusimama mbele ya bango, akasoma, akaamua kugeuka. Ulaghai hukuondolea nafasi hiyo. Mgeni ni kuku mweupe, huonekana kutoka mbali; kinachomponza zaidi ni kwamba yeye mwenyewe haoni. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof aliandika kuhusu soko ambalo muuzaji anajua ubora wa bidhaa na mnunuzi hajui, kazi iliyochangia kumpa Nobel mwaka 2001. Mfano wake ulikuwa magari yaliyotumika, ila mtalii anaishi ndani ya soko hilo kuanzia anaposhuka kwenye ndege. Hajui nauli ya kawaida, hajui njia fupi, hajui jengo lile hufungwa siku gani. Zaidi ya hayo, hatarudi. Duka la mtaani halithubutu kumpunja jirani kwa sababu kesho atapita tena. Mgeni kesho yuko mji mwingine. Ndiyo maana hila hujaa viwanja vya ndege, stesheni na milango ya makumbusho.

Na hila zenyewe ni chache kuliko tunavyodhani. Bangkok, karibu na Kasri Kuu, mtu mtanashati mwenye maneno matamu hukuambia kasri limefungwa leo, kisha anakutafutia usafiri wa bei ya chee wa kukuzungusha. Mzunguko huishia kwenye duka la vito. Paris, mtu anainama mbele yako, anaokota pete ya "dhahabu", anakuuliza kama ni yako. Baada ya dakika moja anaomba pesa. Miji ni tofauti, ila muundo ni mmoja: yeye ndiye aliyeanza mazungumzo, mpango wako umebadilishwa, na unaharakishwa au unatiwa haya ili usikatae. Anayeukariri muundo huo hana haja ya kukariri orodha ya hila mia moja. Kuhusu kasri, dawa ni kutembea hadi mlangoni na kujionea.

Kinachonikera ni kwamba tunatumia nguvu zetu zote kumwogopa mtu wa barabarani, huku tukiyaachia mashine na makampuni yatukamue kwa ustaarabu. Simama mbele ya mashine ya kutolea pesa ugenini. Umeshaweka namba ya siri, umechagua kiasi, kisha skrini inakuuliza: ungependa tukukate kwa pesa ya nchi yako, kwa kiwango hiki cha uhakika? Kitufe cha kukubali ni kikubwa na kina rangi. Cha kukataa kimeandikwa kana kwamba ukikibonyeza muamala wote utavunjika. Hauvunjiki. Ukikubali, kiwango cha kubadilisha fedha kinapangwa na mwenye mashine, na ndani yake ameshaweka faida yake. Ukikataa, benki yako ndiyo inayobadilisha, na mara nyingi kwa kiwango kilicho bora. Kama nyongeza ni asilimia 6, kwenye euro 200 umeacha 12, pengine zaidi ya zile ulizobishania na dereva jana usiku. Chagua pesa ya nchi uliyopo, kwenye mashine na dukani pia. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2019, na tangu Aprili 2020 nyongeza hiyo lazima ionyeshwe kwa asilimia kabla hujakubali. Hawakuipiga marufuku, waliifunua tu.

Marekani nayo ilikuwa na hoteli zinazotangaza bei moja, kisha kwenye ukurasa wa mwisho wa malipo linatokea jina jingine, "ada ya huduma za hoteli", lisilokwepeka. Tangu tarehe 12 Mei 2025, Tume ya Biashara ya huko inazitaka hoteli na wauza tiketi za burudani kutaja jumla yote mapema. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema mtalii ajilinde mwenyewe. Hakuna mgeni aliye makini kiasi cha kuona ada ambayo bado haijaandikwa.

Mamlaka zikitaka zinaweza. Tangu Machi 2016, teksi kati ya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle na Paris zina nauli iliyopangwa na serikali, ikitofautiana tu kulingana na ng'ambo ya mto unayokwenda. Mgeni hana haja ya kujua njia wala kuitazama mita. Matapeli hawajaisha, bado wapo wanaokusubiri ndani ya jengo, mbali na foleni rasmi, na kukutajia bei mara mbili ya hiyo. Ila sasa kuna namba moja ya kuwatajia usoni, na hilo limebadilisha mizani.

Kupatana bei ni jambo jingine kabisa. Sokoni, muuzaji akianza juu hajadanganya. Ametoa bei ya kuanzia, na wewe una ulimi. Anayeondoka pale akilalamika kwamba ameingizwa mjini kwa sababu jirani yake alinunua kwa nusu, hakuibiwa. Alikubali. Mimi hujiuliza kitu hiki kinanifaa kwa kiasi gani, nikilipa hapo naondoka na amani yangu.

Kujihami nako kuna gharama, na mimi nimeilipa. Katika stesheni ya mji nisioujua nilikuwa nabonyeza mashine ya tikiti, mama mmoja akanisogelea na kuniambia nimechagua kanda ya nauli isiyo sahihi. Nilikuwa nimesoma kuhusu wasaidizi bandia wanaovizia kwenye mashine hizo. Nikamwinulia mkono bila kumtazama, nikamgeuzia mgongo. Vituo vitatu mbele mkaguzi aliichukua tikiti yangu, akaigeuza, akaniandikia faini. Ilikuwa kanda isiyo sahihi. Nikimkumbuka sasa, yule mama hakuigusa mashine, hakunyoosha mkono kwenye pochi yangu, hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa amebeba mfuko wa shule wa mtoto. Nilichopaswa kufanya kilikuwa chepesi: kumshukuru, kuzishika pesa zangu mwenyewe, na kuisoma tena ramani ya kanda iliyobandikwa ukutani, hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama.