Bwaise hufurikia mlimani

Mvua kubwa ikinyesha Kampala, mshtakiwa ni yule yule: aliyejenga kwenye kinamasi. Juni 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba za watu kwenye kinamasi cha Lubigi, na wengi wakashangilia kwamba hatimaye sheria imeamka. Sina ugomvi na sheria yenyewe. Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inaiachia serikali maziwa, mito na maeneo oevu kama amana ya wananchi wote. Mwaka 1994 maeneo oevu yalikuwa asilimia 15.6 ya nchi. Leo yaliyobaki katika hali yake ya asili hayafiki 10.

Wanaounga mkono ubomoaji wana hoja nzito, na kinamasi cha Nakivubo ndicho shahidi wao. Maji machafu ya katikati ya jiji hupita humo kabla ya kuingia ghuba ya Murchison, na ni kwenye ghuba hiyo hiyo, pale Gaba, ndipo yanapovutwa maji ya bomba tunayokunywa. Mafunjo huyapunguzia maji kasi, tope likatuama, mizizi ikanyonya sehemu ya uchafu. Yakifyekwa ili kupanda magimbi na miwa, kazi yao inahamia kwenye mitambo ya kusafisha maji, na gharama inatufuata hadi kwenye bili.

Hayo ni ya usafi wa maji. Mafuriko yana hesabu yake, tena ni ya aina mbili ambazo kwenye mijadala yetu huchanganywa ovyo. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likazamisha nyumba na mialo. Lawama zikaenda kwa wavamizi wa vinamasi. Lakini rekodi iliyovunjwa, mita 13.41, iliwekwa mwaka 1964, Kampala ikiwa bado mji mdogo. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Aliyejenga ufukweni alijiweka hatarini, ndiyo. Kulipandisha ziwa hakuweza.

Mafuriko ya Bwaise, mtaa wa bondeni jijini, huja ndani ya saa chache, na huja kutoka juu, vilimani. Chukua kiwanja cha kawaida cha futi 50 kwa 100, yaani mita za mraba 464 hivi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja kikiwa chote paa na saruji, mvua ya milimita 50, ambayo si ya ajabu katika msimu, inamwaga lita 23,000. Ni zaidi ya jerikani 1,100, kutoka kiwanja kimoja, alasiri moja. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ingezama kwenye majani na migomba. Sasa hayana pa kuzama, na mtaro wa zege unayapeleka bondeni kwa kasi kuliko udongo ulivyowahi kuyapeleka. Zidisha kwa viwanja vya vilima vya Makerere, Mulago na Kasubi, kisha uniambie mpangaji wa chumba kimoja huko Bwaise amechangia jerikani ngapi.

Simtakasi mtu wa bondeni. Anayemwaga kifusi ili ainue msingi wake anayasukuma maji kwa jirani, na kavera, yaani mifuko ya plastiki, inayoziba kalavati haitoki kilima cha matajiri cha Kololo peke yake. Kinamasi kilichojazwa kifusi hakina tena nafasi ya kuyahifadhi maji yaliyoteremka. Ila yeye ndiye anayelala humo, na ndiye tingatinga linamfikia kwanza.

Serikali nayo ni mkazi wa Lubigi. Barabara ya Northern Bypass imepita humo, na mtambo wa majitaka umejengwa humo. Huko mashariki, skimu za mpunga za Doho na Kibimba ziliwekwa kwenye vinamasi kwa baraka za serikali. Mkulima mdogo aliyeiga jirani na hizo ndiye anayeitwa mharibifu. Na hapo kuna tofauti ambayo mjadala huiruka. Jaruba huzuia maji kwa matuta yake, na mkulima akiondoka mafunjo yanaweza kurudi. Chini ya ghala la zege hayarudi.

Mwaka 2014 baraza la mawaziri liliamua kwamba hati za ardhi zilizotolewa kwenye maeneo oevu baada ya 1995 zifutwe. Wenye hati hizo kwa kawaida si wapangaji wa Bwaise, na waliozitia sahihi walikuwa ofisini. Ningeanza na hao. Wakati huo huo, mwenye jumba la mlimani asipewe kibali cha ujenzi mpaka mchoro wake uonyeshe tangi la maji ya paa, na ua usiofunikwa wote kwa saruji.