Fundi arudi kuitazama kazi yake?

Zege hupimwa nguvu likiwa na siku 28, lakini chumvi inayoila nondo ndani yake haina haraka hiyo. Kwenye nyumba za pwani, nondo iliyofunikwa na zege jembamba, au zege lililochanganywa na mchanga wa ufukweni usiooshwa, huweza kukaa miaka bila dalili yoyote. Kisha kutu huvimba, zege likapasuka na kubanduka vipande vipande. Wakati huo fundi yuko mkoa mwingine, anamwaga zege kwa mchanga uleule.

Mikataba mikubwa ina kipindi cha kuangalia kasoro, mara nyingi miezi 6 au 12, na sehemu ya malipo huzuiwa hadi kiishe. Hapo hunaswa bomba linalovuja na bati lililopigiliwa vibaya. Msingi uliokaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kusinyaa kiangazi, unaweza kuvuka mwaka mzima salama, ukapasuka baadaye.

Mji Mkongwe wa Zanzibar unafundisha zaidi. Kuta zake za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka. Ukizipiga lipu ya saruji, zinapendeza sana siku ya kukabidhi. Baadaye unyevu hukosa njia, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, nayo hufura na kubabuka, huku chokaa ya ndani ikilainika. Aliyepiga lipu, akapokea chake na kuondoka, atalijuaje hilo?

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema fundi asiyerudi ni mwoga. Fundi wa mtaani hulipwa kwa siku, bila mkataba, na mara nyingi uwiano wa saruji na mchanga huamuliwa na mfuko wa mwenye nyumba. Akirudi anapokewa kwa "njoo uone ulichonifanyia", kisha anadaiwa marekebisho ya bure. Tena ukuta hausemi kila kitu. Ufa waweza kutokana na ghorofa iliyoongezwa baadaye, au mfereji wa bati ulioziba na kumwaga maji msingini miaka yote. Na ukuta uliodumu huenda umeokolewa na mwenye nyumba anayeukarabati kila mwaka, huku fundi akijisifia.

Bado nauona upande wa kurudi una uzito zaidi, mradi ziara isigeuzwe kesi. Wakubaliane mwanzoni, kwenye karatasi ileile ya vifaa: baada ya masika ya tatu fundi atakuja kukagua tu, kwa nauli na malipo ya nusu siku, na matengenezo yatazungumzwa kando. Kazi ikiisha, kwenye karatasi hiyohiyo iandikwe mchanga ulitoka wapi, uwiano ulikuwa upi, zege lilimwagiliwa maji siku ngapi. Gharama hiyo ni ndogo kuliko kubomoa jamvi moja, yaani zege la sakafu. Na aende na saidia fundi wake, kwa sababu kijana huyo ndiye atakayejenga miaka thelathini ijayo.