Waridi langu lilihukumiwa bila jina

Jumamosi iliyopita nilipeleka mawaridi saba kwenye mashindano huku Minnesota, na kilichonigusa kuliko utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza ni kikaratasi. Kila ua lina kadi yake. Juu unaandika aina ya waridi na kundi unaloshindania, chini unaandika jina lako. Kisha ile sehemu ya chini unaikunja, unaibana na mpira kwenye chupa, jina lisionekane. Wenye maua tunatolewa ukumbini, milango inafungwa, majaji wanaanza kazi. Nikasimama nje, penye magari, nikawaza: miaka yote niliyohangaika Dar, hakuna aliyewahi kunikunjia jina.

Mlioko nyumbani mnajua ninachosema. Nilipomaliza chuo niliomba kazi katika ofisi moja, sitaitaja. Usaili wa kuandika nikafanya, wa mdomo nikafanya. Mzee mmoja pale mezani akaniuliza, kwa upole kabisa, "Wewe binti wa nani?" Nikamtaja marehemu baba, fundi cherehani wa Magomeni. Akafunga faili. Dada niliyekaa naye kwenye benchi asubuhi ile alikuja na kimemo ndani ya bahasha, na yeye ndiye aliyeitwa. Mimi sikuambiwa nimepungukiwa nini. Mpaka leo sijui.

Huku najua. Waridi lina alama 100: umbo 25, rangi 20, uimara wa petali 20, shina na majani 20, uwiano 10, ukubwa 5. Yameandikwa, kila mtu anayasoma kabla hajapanda hata mche. Mwaka juzi nilikosa nafasi, nikamwendea jaji mmoja baada ya milango kufunguliwa. Hakuniuliza mimi ni nani. Aliinama, akaelekeza kalamu katikati ya ua: "Tazama, hapa pana vitovu viwili." Nikatazama, kweli vilikuwa viwili. Nilirudi nyumbani nimeshindwa na moyo mweupe.

Sasa najua wapo watakaosema, "Huyu kaenda Marekani, anatuletea habari za maua, sisi tunatafuta maji." Ndugu yangu, mimi nimebeba madumu. Mama alikuwa na mwaridi mmoja kwenye kopo la rangi la lita 20, uani kwetu, na aliumwagilia maji aliyooshea mchele kwa sababu ya bomba hayakuwepo. Aliutunza hivyo miaka yote ya utoto wangu. Kwa hiyo usiniambie maua ni mambo ya walioshiba, wala usiniambie ni mambo ya Wazungu. Pwani tulikuwa tunaweka waridi kwenye kikuba, pamoja na asumini na mrehani, kabla hatujasikia habari za utepe wa buluu. Na mawaridi mengi yanayouzwa Ulaya yanatoka Naivasha, mengine Arusha, kwa mikono ya dada zetu.

Tena kuna kitu Waswahili tumewazidi hawa, na nitakisema hata mbele yao. Rudi kwenye zile alama 100 uhesabu tena. Harufu haina hata moja! Nilipomweleza mama kwenye simu alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza, "Sasa wanashindanisha nini?" Mtu aliyekulia kwenye maulidi, akanyunyiziwa marashi kwa mrashi mlangoni, hawezi kuelewa ua lishinde bila kunusiwa. Mimi nimeelewa kanuni, lakini sijaikubali. Kila ninapokata waridi nalinusa kwanza, ndipo naliangalia umbo.

Ila kazi wanafanya, na hapo siwezi kuwanyima haki yao. Haya ninayoshindanisha ni haibridi tii, yale ya shina refu, ua moja kila shina, na baridi ya huku ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri huua mti wote mpaka pale ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa na shina la mwaridi mwingine. Kwa hiyo mwezi wa kumi tunaizika miwaridi. Unafunga matawi kwa kamba, unachimba mfereji pembeni, unalegeza mizizi ya upande wa pili kwa uma wa bustani, kisha unaulaza mti wote mferejini kama mgonjwa. Juu yake udongo, juu ya udongo mifuko ya majani makavu. Hiyo njia imeanzia hapahapa Minnesota. Mwezi wa nne unafukua na kuusimamisha tena. Nina miti 12. Mgongo wangu unaijua mmoja mmoja.

Halafu joto likishika unaanza kung'oa matumba ya pembeni yakiwa madogo kama punje ya mtama, ili nguvu yote iende kwenye tumba moja la katikati. Usiku wa kuamkia mashindano jokofu langu halina nafasi ya chakula. Saa kumi alfajiri niko jikoni, nafuta kila jani kwa kitambaa laini, natoa vumbi kwenye petali kwa brashi ya kuchorea. Ua linatakiwa lifunguke nusu au zaidi kidogo, lisizidi robo tatu. Ukiliacha kwenye joto la gari dakika chache tu, limekupita.

Lililopata utepe linaitwa Peace, la njano lenye kingo za pinki. Lilizalishwa Ufaransa na Francis Meilland, likapewa jina hilo mwaka 1945, vita vilipokuwa vinaisha Ulaya. Peace ni amani. Nimezaliwa Bandari ya Salama, nililichagua kwa jina kabla sijajua kama litaweza baridi.

Mwingine atasema, "Marekani nako kuna kujuana." Kupo. Nimeishi humu, nimeona milango ikifunguliwa kwa jina la ukoo na kufungwa kwa jina kama langu, ambalo wanashindwa hata kulitamka. Ndiyo maana ile karatasi iliyokunjwa iliniingia moyoni. Mle ukumbini nilikuwa mweusi peke yangu, na kwa zile saa mbili tatu ua langu halikuwa la mweusi wala la mtoto wa fundi cherehani. Na msiniambie ni suala la umaskini. Kukunja karatasi kunagharimu shilingi ngapi?

Kaka yangu anasaidia kuandaa mashindano ya kuchora kwenye shule ya mtaani kwetu, na aliniomba nichangie zawadi. Nimetuma zawadi, na nikamwambia majina ya watoto yakunjwe. Akanijibu, "Dada, hapa haiwezekani, kila mzazi atataka kuona jina la mwanawe."

Nimemwambia waandike nyuma ya karatasi, na wazazi wasubiri nje. Bado hajanijibu.